Maswali ya mezani: kwa nini wazo liwe na mwenyewe?

Nina duka la uchapishaji Moshi mjini, hatua chache kutoka stendi. Natengeneza lebo za asali, siagi ya karanga na kahawa ya kusaga, kadi za harusi, mabango ya makampuni ya kupandisha watalii mlima. Haipiti wiki bila mtu kuweka kopo la mwenzake juu ya meza yangu na kusema, "Kaka, nifanyie kama hii, badilisha namba ya simu tu." Nikikataa, ndipo maswali yanapoanza. Nimeyaandika hapa ili nisiwe nayarudia. Mimi si mwanasheria. Nilianza kusoma mambo haya baada ya kuumizwa, kama utakavyoona huko chini.

Miliki bunifu ni nini kwa maneno ya kawaida?

Ni haki ya kuwazuia wengine wasitumie ulichobuni, kwa muda na kwa masharti. Hakimiliki inalinda wimbo, picha, kitabu, programu ya kompyuta. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999 inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na unaipata hata kama hujasajili popote. Hataza inalinda uvumbuzi: mashine, dawa, njia mpya ya kutengeneza kitu. Hiyo lazima uiombe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na inaanza na miaka 10 inayoweza kuongezwa hadi 20. Alama ya biashara inalinda jina na nembo. Aina mpya za mbegu zina sheria yake. Zanzibar wana sheria na ofisi zao, kwa hiyo ninayosema hapa ni ya Bara.

Wazo halipungui likitumiwa. Kwa nini tulifungie?

Hili ndilo swali lenyewe, na watetezi wengi wa haki hizi hulikwepa.

Chukua mfongo. Wazee wa Uchaggani walichimba mifereji kutoka mitoni huko juu, ikashuka kwa kona na kona mpaka vihambani. Maji ya mfongo ukiyafungulia kwako, kwa jirani yanapungua. Ndiyo maana kuna zamu, na asiyefika siku ya kusafisha mfereji anatozwa faini. Zamu ipo kwa sababu maji hayatoshi. Wimbo hauna shida hiyo. Watu mia wakiuimba leo Boma Ng'ombe, mtunzi hapungukiwi hata ubeti. Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa Marekani, aliandika katika barua ya mwaka 1813 kwamba anayewasha mshumaa wake kwenye wangu anapata mwanga bila kuniacha gizani. Kwa hiyo anayesema "wazo ni mali kama shamba" ana kazi ya kulieleza hilo kwanza.

Wachumi wanaeleza hivi: gharama haiko kwenye kopi, iko kwenye ile ya kwanza. Lebo nikiianza toka mwanzo inanila siku tatu. Naongea na mwenye mali, nachora, nakosea rangi, nachapa ya majaribio, mteja anasema nyuki wangu anafanana na nzi, narudia. Ukija na lebo iliyokwisha tengenezwa, kuiskani ni dakika mbili. Huyo wa dakika mbili anaweza kuuza kwa bei ambayo mimi wa siku tatu nikiishusha hapo nafunga duka. Nikishalijua hilo sichori tena. Na mimi nakaa nikisubiri mwingine achore. Tukisubiri wote, lebo mpya haipo. Haki ya kuzuia kopi inamwachia mchoraji nafasi ya kurudisha zile siku tatu.

Hasara yake nayo isifichwe. Kwa muda wote huo kitu kinauzwa ghali kuliko gharama ya kukitoa, na wapo watakaokikosa ingawa kuwapa kopi kusingemtoa mtu senti. Hoja ya uchumi inaimeza hasara ya leo ili kesho kuwe na vitu vipya. Ndiyo sababu haki hizi zina mwisho. Venice mwaka 1474 ilimpa mvumbuzi miaka 10. Uingereza mwaka 1710 ilikipa kitabu kipya miaka 14, na mingine 14 kama mtunzi bado yu hai. Kwa maoni yangu wale walikuwa na kipimo kizuri kuliko sisi wa maisha na nusu karne juu yake. Sijakutana na mtunzi anayekesha kwa ajili ya malipo ya miaka 49 baada ya arobaini yake.

Mvumbuzi si afiche tu siri yake?

Wengi wanaficha. Mtaalamu wa mitishamba anayejua mzizi gani unachemshwa na gani husagwa hamwambii mtu; akifariki, watoto wanabaki na mabua makavu darini wasijue ni ya nini. Hataza ni mapatano ya kuzuia hilo. Serikali inamwambia mvumbuzi: tuandikie kila hatua, kiasi kwamba fundi mwenzako akisoma anaweza kukitengeneza, nasi tutakulinda miaka kadhaa, muda ukiisha, ni cha wote.

Kuna njia nyingine za kumlipa mbunifu. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia huko Arusha, alibuni chujio la maji la mchanga lenye chembe ndogo mno zinazonasa uchafu, floridi ikiwemo. Waliokulia chini ya Meru hawahitaji kuelezwa floridi ni nini, wanaiona kwenye meno yao ya kahawia kila wakicheka kwenye kioo. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Tuzo inalipa mara moja na haimzuii mtu kutumia. Ila lazima awepo wa kuitoa, na kamati ya kuamua nani anastahili, na kamati tunazijua. Hataza haina kamati ya kugawa ushindi. Wanunuzi ndio wanaoamua.

Kuna ushahidi kwamba haki hizi zinaleta ubunifu kweli?

Inategemea unaangalia wapi. Uholanzi ilifuta sheria yake ya hataza mwaka 1869 ikakaa bila hiyo hadi 1912. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1891, kampuni ya balbu za umeme ya Philips ilianzishwa Eindhoven. Mchumi Fritz Machlup, akiwaandikia wabunge wa Marekani mwaka 1958, alifika mahali pa kuchekesha: kwa tunayoyajua, kama mfumo wa hataza usingekuwepo, kushauri uanzishwe kungekuwa ni kutowajibika; na kwa kuwa upo siku nyingi, kushauri ufutwe nako ni kutowajibika.

Mimi ushahidi wangu ni mafundi cherehani. Jumamosi kuna harusi. Jumatatu asubuhi wateja watatu wapo kwa fundi na simu mkononi, picha ile ile ya shangazi wa bwana harusi, wanataka mkono ule na mgongo ule. Hakuna aliyeomba ruhusa. Mshono hauna mwenyewe, na bado kila msimu inatoka mipya. Tena inatoka kwa sababu ya kuigwa: shangazi akishaona kitenge chake kimezagaa kuanzia Majengo hadi Kiboriloni, anataka kingine. Kwenye mitindo, kutangulia ndiyo malipo yenyewe. Kwenye dawa sivyo. Kuipata dawa moja salama kunakula miaka ya majaribio, halafu kidonge kikishajulikana kiwanda chochote chenye uwezo kinakifyatua kwa bei ndogo. Hoja ya uchumi ina uzito kwenye dawa na ni nyepesi kama pamba kwenye mishono, wala haifai kutumia mizani moja.

Tuache uchumi. Mtu si anastahili jasho lake?

Hapa ndipo watu wengi husimama, na ndipo nilipokuwa nimesimama mimi. John Locke, Mwingereza, aliandika mwaka 1689 kwamba mtu anaumiliki mwili wake, hivyo na kazi ya mikono yake. Akiichanganya kazi hiyo na kitu kisicho na mwenyewe, kitu kinakuwa chake, mradi wengine waachiwe cha kutosha na kizuri vilevile. Uchaggani hawakumngoja Locke. Mfongo ulihesabiwa wa ukoo wa aliyeuchimba, na waliokuja baadaye kuomba maji walijua wanamwomba nani.

Tena sharti lake kwenye mawazo linatimia vizuri kuliko kwenye ardhi. Nikitwaa eka ya mwisho, wewe umekosa. Nikitunga wimbo, nyimbo ambazo hazijatungwa zipo pale pale.

Lakini ukiibana hoja ya jasho, inavuja. Jasho lenyewe halipimi kitu: mwaka 1991 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilisema kitabu cha namba za simu kilichopangwa kwa alfabeti hakina hakimiliki, hata kama waliokikusanya walitoka jasho. Ndugu zangu wapagazi wanatoka jasho kuliko mbunifu yeyote mjini hapa na hakuna anayewapa haki ya miaka 50. Halafu hakuna anayeanzia kwenye ardhi kavu. Kila lebo yangu ina deni kwa lebo nilizoziona. Robert Nozick, mwanafalsafa wa Marekani, aliuliza mwaka 1974: nikimwaga juisi yangu ya nyanya baharini, nimeipata bahari au nimeipoteza juisi? Jasho linanipa haki ya kulipwa kazi yangu. Halinipi bahari.

Na heshima ya mtunzi je? Kuna watu hawadai hata hela.

Mimi ni mmoja wao.

Miaka kadhaa nyuma nilipiga picha ya mlima alfajiri, kutoka upande wetu wa kusini. Kibo kushoto, kweupe. Mawenzi kulia, bado yuko kwenye kivuli. Chini kijana na baiskeli na madumu mawili ya maziwa. Nilikaa pale saa nzima nikisubiri wingu lisogee. Baadaye nikaikuta kwenye bango kubwa la kampuni ya utalii. Jina langu halipo, sawa. Kijana amekatwa, sawa, wanauza mlima hawauzi maziwa. Lakini ili maandishi yapate nafasi, walikuwa wameigeuza picha kama kwenye kioo. Mawenzi amehamia kushoto. Mtoto yeyote wa Moshi anajua mlima hukaa hivyo ukiutazama kutoka Kenya.

Nilisimama pale nikicheka kwa hasira. Kama wangenilipa na bado wakaigeuza, ningeumia vile vile. Hapo nikaelewa alichokuwa akisema Hegel, Mjerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1820, japo anaandika kama mtu asiyetaka kueleweka: kazi ya mtu ni utu wake uliotoka nje ukasimama mbele ya watu. Kuiharibu ni kumgusa mwenyewe. Sheria yetu inalijua hilo. Mbali na haki za kiuchumi, mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyetunga na ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima.

Msimamo wangu, kama unautafuta, ni huu: hela iwe na muda mfupi, jina libaki. Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972, kwa hiyo hakimiliki ya picha zake, kwa hesabu ya miaka 50, ilifika mwisho 2022. Mtindo wake haukuwahi kulindwa, kwa sababu hakimiliki inalinda picha, hailindi namna ya kuchora. Ingia duka lolote la vinyago Arusha uone chui na ndege wa rangi za kung'aa walivyopangana ukutani. Mamia ya watu wanaishi kwa mtindo huo na wanauita kwa jina lake. Sioni aliyedhulumiwa hapo.

Mgonjwa asiye na hela akifa kwa sababu ya hataza, maadili yako wapi?

Hapa sina mzaha. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya ukimwi ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India, nchi ambayo sheria yake ya wakati huo haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, ilitangaza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka kwa Madaktari Wasio na Mipaka. Sehemu kubwa ya tofauti ile ilikuwa ni haki ya kuzuia. Mwaka huo huo wa 2001 makampuni 39 ya dawa yaliondoa kesi yaliyokuwa yameifungulia serikali ya Afrika Kusini, na Novemba, huko Doha, nchi za Shirika la Biashara Duniani zikakubaliana kwamba mkataba wa miliki bunifu usizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Nchi maskini zaidi, yetu ikiwemo, zimesamehewa kulinda hataza za dawa hadi mwaka 2033.

Wanaosema haki ya mbunifu ni haki ya binadamu wanasema kweli. Ibara ya 27 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948 inamlinda mtunzi na mwanasayansi kwa kile alichokizalisha. Ila ibara hiyo hiyo, sentensi moja kabla, inampa kila mtu haki ya kushiriki faida za sayansi. Watetezi wengi wa haki hizi hawaanzi kusoma toka juu.

Na mbegu? Nikinunua mche, watoto wa mche si wangu?

Mwezi Julai 2015 nchi wanachama wa ARIPO, shirika la miliki bunifu lenye makao Harare, zilikutana Arusha zikapitisha itifaki ya kulinda aina mpya za mimea. Dunia nzima inaiita Itifaki ya Arusha, ingawa ukiwauliza watu Soko Kuu hawajawahi kuisikia. Sisi tulikuwa tayari na sheria yetu ya 2012. Mtafiti analindwa miaka 20, na 25 kwa miti.

Hoja ya mtafiti ni nzito. Nenda Lyamungu, kwenye taasisi ya utafiti wa kahawa, uone miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mkahawa unataka miaka mitatu hivi ndipo uzae. Kuupima, kuuchanganya na mwingine, kuupima tena, mtu anazeekea hapo. Nani atalipia?

Hoja ya mkulima nayo ni nzito. Mtafiti hakuumba mkahawa. Alichukua aina ambazo mikono ya wakulima ilizichagua vizazi na vizazi, nao hawakumtoza. Mama zetu hubadilishana mbegu za maharage kwa kikombe uani. Vyama vya wakulima barani vililalamika kuhusu itifaki kwa sababu hiyo. Mimi naona sheria ya mbegu inayomfanya mama wa kikombe kuwa mhalifu imevuka mpaka. Anayezalisha miche elfu kumi ya mwenzake na kuiuza kwa lori si mama wa kikombe.

Mila zetu zinalindwa na nani? Wamasai wanaigwa dunia nzima.

Hapa hoja zote mbili, ya uchumi na ya jasho, zinakwama kidogo, maana zote zinatafuta mtu mmoja na tarehe moja. Nani alibuni shuka nyekundu yenye miraba, na lini? Louis Vuitton, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, walionyesha mavazi ya kiume ya msimu wa 2012 yenye miraba ya kimasai, na wazee wa kimasai wa pande zote mbili za mpaka walikuwa tayari wanajipanga kudai malipo kwa jina na sura yao. Mwarobaini tunaujua sote. Mababu hawakuuita hivyo bure. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza ya dawa ya kuua kuvu itokanayo na mafuta ya mti huo. Wahindi wakapinga, wakaleta ushahidi kwamba wakulima wao wanaitumia siku nyingi, na mwaka 2000 ikafutwa. Kumbuka jinsi walivyoshinda: hawakusema "ni yetu", walisema "si mpya". Walizuia mwingine asiimiliki, lakini wao wenyewe hawakupata umiliki. Nchi za ARIPO zilipitisha itifaki nyingine mwaka 2010, Swakopmund huko Namibia, inayotaka jamii nzima itambuliwe kama mwenye haki.

Nikirushiwa muvi kwenye flashi ni wizi?

Neno wizi linanikwaza. Ukiniibia mbuzi, mimi sina mbuzi. Ukinakili muvi, mwenyewe bado anayo. Alichokosa ni malipo ambayo huenda ungempa na huenda usingempa. Ni kosa kisheria, na kwangu linafanana na yule anayekwepa siku ya kusafisha mfongo halafu usiku anajifungulia maji. Kuna tofauti kati ya huyo na mwizi wa mbuzi. Adhabu nazo zitofautiane.

Mbona alama ya biashara haina mwisho?

Kwa sababu msingi wake si ule wa wengine. Alama inasajiliwa miaka 7, kisha unaihuisha kila miaka 10, hata milele. Lengo lake la kwanza ni mnunuzi. Anayechukua kopo la asali rafuni hawezi kuionja, anaamini jina. Jina likiigwa, anayedanganywa kwanza ni yeye, na aliyejitahidi kutochanganya asali na sukari guru anakosa sababu ya kuendelea kujitahidi. Jina zuri ni mali kubwa. Ethiopia iliomba kusajili Marekani majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, mwaka 2005, na mwaka 2007 ikafikia makubaliano na Starbucks, kampuni ya kahawa ya Marekani. Sisi madini yetu ya Mirerani yalibatizwa tanzanite na duka la vito la New York, Tiffany, mwaka 1968.

Yule mama wa asali uliyemkatalia, iliishaje?

Mnaniuliza sana tangu niliposimulia. Mama mmoja wa Kibosho aliweka kopo la mwenzake mezani. Nikamuuliza, kwa nini hii? "Kwa sababu inanunuliwa, baba." Nikamwambia basi kila atakayeipenda asali yako atarudi kununua ya mwenzako. Alinyamaza kidogo. Akaondoka bila kuaga, nikajua nimempoteza.

Alirudi baada ya siku nne na picha kwenye simu: mzinga wa gogo wa baba mkwe wake, umening'inia kwa waya, na ngazi yenye kidato kimoja kilichovunjika. Nilichora mzinga na ngazi, na kidato nikakiacha kimevunjika. Rangi alichagua kijani, nilimbishia, nikashindwa. Alama bado hajaisajili. Kila akija kuchukua lebo namkumbusha, na kila mara ananiambia tungoje msimu wa asali upite.